Tisini na Nne

Nilikwenda kununua kiberiti.
Rafu ya chini, nyuma ya sabuni za kufulia,
chupa sita zimelala na vumbi lao,
shingoni kibandiko cha dhahabu: tisini na nne.

Nikapiga magoti kama aliyeangusha sarafu.
Kule Lisboni mvinyo huu hukaa chini ya kufuli,
muuzaji hukunong'oneza bei.
Hapa imeandikwa kwa penseli: euro saba.

"Dona Felismina, hukukosea?"
Akapandisha miwani. "Bei niliandika mimi.
Alama walikuja kuzibandika wao, baadaye.
Nani ainame kufuta?"

Kengele ya mlango ikalia. Akaingia Adérito,
kucha bado nyeusi kwa mavuno ya Septemba,
yeye ndiye aliyekamua zabibu za chupa hizi.
Akatua dumu kaunta:
"Nijazie ule wa pipa."
Chini hakutazama.

Nikanunua mbili. Nne nikaziacha,
si kwa wema, mfuko uligoma.
Usiku nikazibua moja, nikanusa, nikangoja
hiyo tisini na nne ifike ulimini.
Ukaja ukali kidogo, moshi, ganda la chungwa,
na kwa mbali, sabuni.

Jiko baridi.
Kiberiti nilikisahau.