Bahari ya Mita Nne

Waliniagiza bahari, mita nne kwa mbili,
na miguu sita, maana ingekuwa nzito.
Nikauliza: kina chake?
Kapteni akapima kwa kiganja: hapa kiganja kimoja,
huku kwenye matumbawe usichimbe sana.

Mimi bahari nimeiona kwenye kalenda ya benki.
Nikaranda mgrivea Julai nzima hapa Ngarenaro,
rasharasha ikipenya bati la karakana,
Meru amejifunika gubigubi kama mgonjwa,
maranda yakininata kwenye soksi.

Mchanga wetu ni mweusi, tuliuchota Themi.
Kapteni Somoe Hokororo, mzaliwa wa Mikindani,
akautia mkono, akacheka:
"Kwetu mchanga unaumiza macho kwa weupe.
Haya, leo tutapigana usiku."

Mikoko ilikuwa nyuzi za fagio.
Askari, maharage ya rosekoko, soko la Kilombero,
mia na ishirini, yamehesabiwa na kusainiwa.

Na meli. Meli niliichonga kwa mapenzi.
Urefu wa mkono kutoka kiwiko, mlango mbele,
bawaba nimezing'oa kwenye kasha la miwani.
Ukivuta uzi, mlango unaanguka majini
na maharage yanateremka mbio, yamefuatana.

Sajini mstaafu Anaeli Kaaya aliuvuta mara tatu.
Alikuja na suti ya harusi ya mwanawe.
"Ndivyo tulivyofundishwa," alisema.
"Meli moja, ufuko mmoja, alfajiri,
na mbele yako mgongo wa mtu unayemjua."

Kapteni akawasha tochi ya simu,
akaiinua juu ya meza, akaishikilia hapo.
"Hili ni jicho, Mzee.
Halisinzii, halina mke, halioni haya.
Meli yako limeiona juzi, bandarini, ikipakia unga."
Akaichukua meli yangu kwa vidole viwili
akaiweka kwenye kiti.

Kisha akanigeukia.
"Fundi, nichongee thelathini, ndogo, mbaya.
Kila kimoja na kilema chake.
Nikikiona nidhani ni gogo, nidhani ni takataka."
Miaka ishirini na sita nashika randa,
sijawahi kuombwa nikosee.
Nilikaa usiku kucha nikijifunza kukosea.

Asubuhi akayatawanya maharage:
matatu nyuma ya fagio,
manne chini ya jiwe, yameshinda hapo tangu juzi,
mawili peke yao kwenye kisiwa cha kizibo.
Yanatembea giza, yanalala mchana.
Yanapiga, yanahama kabla jibu halijafika.
Redio ni mwiko; anayesema ameonekana.

Sajini alizunguka meza, mikono nyuma.
Akasimama penye kizibo.
"Na huyu akiumia?
Amwite nani, kwa mdomo gani?"

Kapteni aliyatazama yale mawili
muda mrefu kuliko kapteni anavyoruhusiwa.
"Hapo," akasema, "bado hatujapachora."
Nje mtu alikuwa anauza ndizi mshare kwa sauti kubwa,
sauti ya mtu asiyeogopa kuonekana.

Jioni tukakusanya jeshi, tukahesabu.
Mia na kumi na tisa.
Tukahesabu tena, kwa sauti.
Maofisa wanne, magoti sakafuni,
Sajini naye na suti yake ya harusi,
Kapteni akimulika kwa tochi ileile
kila pembe, kila mguu wa bahari yangu.
Jicho lile halikuona kitu.
Akaandika kwenye fomu: moja, haijulikani ilipo.
Kalamu ilikwama kidogo kwenye "haijulikani".

Nyumbani, nikivua suruali,
rosekoko likaanguka kutoka kwenye pindo.
Limelowa, limevimba kidogo upande mmoja.
Mke wangu alikuwa na sufuria jikoni, akanyoosha mkono.
Nikalifumba kiganjani.

Lipo dirishani sasa, karibu na kiberiti.
Kesho nitalirudisha.
Au nitanyamaza.
Sijui lingependa nini.