Bwana wa Soksi za Manjano

Kiwanda cha haradali kilinipa mabango manne:
soko, bwawa la kuogelea, stesheni, sherehe ya mtaa.
Kila bango watu mia sita, wasipungue,
na kati yao mmoja, Bwana Ottokar,
soksi za manjano, chupa ya haradali kwapani.
"Mfiche vizuri," aliniambia Detlefsen wa mauzo,
"ila usizidishe. Mtu akichoka kabla tramu haijafika
tumekula hasara."

Nilichorea dirishani, ghorofa ya nne, Bremen,
Novemba, saa kumi alasiri giza limeshaingia,
kalamu ncha yake unywele wa kitoto.
Watu mia sita hawachoreki kwa mkupuo.
Unaanza na mmoja anayepiga chafya,
na chafya imemshtua mbwa,
na mbwa amemwona paka juu ya toroli la maua,
na muuza maua ana deni,
na anayemdai huyo anakuja, yuko konani, kavaa kofia.
Haba na haba, wanasema.
Kibaba changu kilijaa vichwa.

Sikutaka mtu wa kuzibia nafasi.
Yule anayefunga kamba ya kiatu
anaifunga asionekane analia.
Fundi saa amechelewa.
Na dada yangu Swantje, aliyehamia Kanada bila kuaga,
nilimweka stesheni mara saba,
kila mara na koti jingine.

Bango hilo la stesheni nililimaliza alfajiri,
nikalituma, nikalala kama gogo.

Lilipobandikwa vituoni nilisimama kwenye mvua
nikamtafuta, kama wengine.
Ngazi. Kibanda cha magazeti. Chini ya benchi.
Nikaanza upya kutoka kulia.
Tumbo likanikata.
Sikumchora.
Nyumbani nikahesabu kwa ncha ya sindano:
watu mia sita na kumi na wawili,
na anayetafutwa hayumo.

Siku ya kwanza nilinyamaza kwa aibu,
ya pili kwa woga,
ya tatu barua zikaanza kuingia kiwandani.
Jelto, miaka saba: yumo chooni,
ona, kitasa ni chekundu.
Dereva wa tramu namba nne: kaondoka na treni ya saa tatu,
lile dirisha lenye ukungu, basi ni pumzi yake.
Mwanafunzi wa sheria, kurasa mbili, na mchoro:
amevua soksi.
Na Bi Gesche Oltmanns wa nyumba ya wazee,
herufi zinatetemeka:
"Amesimama nyuma ya mwanamke wa koti la kijani.
Anangoja ageuke.
Msimharakishe."

Koti la kijani.
Swantje wa tano.

Barua mia mbili na kumi na moja,
na hakuna hata moja iliyouliza yuko wapi.
Detlefsen akapiga simu, kicheko tele:
"Watu wanakodoa macho mpaka tramu zinawaacha!
Umemficha wapi, jamani? Hata mimi nimeshindwa."
Nikamwambia.
Kimya. Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni,
kikizunguka tena.
"Usimwambie mtu," akasema. "Na bango la nne?"
"La nne yumo."
"Loo," akasema. "Pole."

Machi wakaja kuyabandua.
Kijana mwenye kwanguo alianzia juu,
saa ya stesheni ikashuka, kisha paa, kisha njiwa wangu wote.
Nikamwomba kipande, hapo, kabla hajafika.
Akanitazama kama mwizi wa karatasi chakavu,
akanikatia.

Kiko mezani sasa, kimejikunja pembeni kwa gundi.
Nyuma ya koti la kijani kuna mahali peupe.
Kote kwingine watu wamebanana bega kwa bega;
hapo nilipaacha mwenyewe, sijui kwa nini,
wala sikumbuki mkono wangu ukipita.
Nimepapima kwa rula.
Milimita nne.
Anaenea.