Penye Tundu

Bibi Zeresi alikizika Kitabu ghalani
chini ya ulezi, mwaka ule wa marufuku,
amekiviringisha kwa kitambaa cha gome.
Tulipokifukua,
mchwa walikuwa wameshakisoma kabla yetu.

Kurasa nyingine zilibaki kama chekecheke.
Kila Sabato, Wanale ikiwa bado imejifunika ukungu,
Bibi alitusomea kwa Kiganda,
na alipofika penye tundu hakupunguza mwendo,
aliliruka kwa kumbukumbu
kama mbuzi arukavyo mfereji.
Tukaitika Amina.
Nani angemhoji?

Mimi herufi nilijifunza ukubwani,
nimejikunja kwenye benchi la darasa la tatu,
watoto wa Gidudu wakinicheka.
Kulia kwenda kushoto,
kama mtu anayerudi kwao kwa njia aliyojia.

Jana usiku, taa ya sola ikipepesa,
nilifika penye tundu.

Lile la mavuno.
Ukisahau mganda shambani usiurudie,
ni wa yatima, ni wa mjane.
Ndivyo alivyotusomea miaka yote, nasi tukatii:
mjane Kainza hajalala njaa hata siku moja.
Lakini kidole changu kiligonga neno jingine,
limetangulia wenzake, halina alama ya jino:
mgeni.

Herufi mbili tu.
Mchwa mmoja angezimaliza kabla ya kifungua kinywa.

Nikamkumbuka yule mtu wa Karamoja,
mwaka wa ukame, shuka begani,
alivyosimama penye ua wetu mpaka jua likachwa.
Baba alisema, huyu si yatima, wala si mjane.
Na alisema kweli,
kwa kadiri tulivyosikia.

Simlaumu Bibi.
Alibeba kichwani mzigo wa kijiji kizima,
na kitu kimoja kikadondoka njiani.
Tena amri yenyewe ni ya kusahau:
ukikusudia kuitimiza, umeshaivunja.

Leo tumevuna.
Kule bondeni, kando ya njia iendayo kaskazini,
mganda mmoja umelala peke yake.
Mjomba Yafesi ananipigia kelele toka juu:
We Naume! Umesahau mmoja!

Nimempa mgongo.
Nafunga kamba ambayo imeshafungwa,
nafungua, nafunga tena,
najifunza kusahau.