Komeo la Ndani

Nilipanda Mbokomu na fomu ya kurasa kumi na mbili,
saa ya kupimia ikining'inia shingoni
na mita tatu za utepe wa njano
nilizozibandika sakafuni kwa Bibi Anansia Kitomari
kama mtu anayepima kiwanja cha kuuza.

Inuka kitini. Tembea mpaka utepe unapokomea.
Geuka. Rudi. Keti.
Sekunde thelathini na nne.
Nikaandika.
Akaniuliza, "Na wewe, unakimbilia wapi?"

Tangu masika yale alipoteleza nyuma ya banda la ng'ombe,
nyonga ikaalika kama ukuni mkavu,
nyumba ile imejaa mikono.
Eliaika, mkamwana wake, humvika sweta kabla hajaliulizia,
humkatia ndizi, humchotea maji,
humjibia maswali.
Swali la tisa: Je, unaweza kujipikia?
"Hawezi," akasema Eliaika, kwa upendo kabisa,
na bibi akayatazama magoti yake
kama watoto wa jirani waliokosa adabu.

Hili halikuwemo kwenye fomu,
nililiuliza kalamu ikiwa mezani:
Unataka nini?
Nilidhani atasema afya, au Mungu anijalie.
Akaelekeza fimbo mlangoni.
"Usiku wananifungia kwa nje, nisije nikatoka gizani.
Hawana ubaya. Lakini mwanangu,
ng'ombe hufungiwa kwa nje.
Mtu hujifungia mwenyewe."

Komeo la ndani lilikuwepo, la chuma,
juu kabisa, kwenye kimo cha marehemu mumewe
aliyeinama kila alipoingia.

Basi tukaanza na yale yasiyopendeza kwenye ripoti.
Kuinuka kitini mara tano uji ukichemka,
baadaye mara nane.
Kusimama kwa mguu mmoja, mkono umeshika meza,
akitaja watoto wote wa dada zake
mpaka achoke yeye au majina yaishe.
Fundi Ndekirwa akalishusha komeo,
akaacha matundu manne ya zamani kwenye mbao.

Kazi ngumu ilikuwa ya Eliaika: kutosaidia.
Nilimkuta akilia jikoni siku bibi alipomenya ndizi za mtori
saa nzima, nusu ya ndizi ikienda na ganda.
"Watu watasema nimemtupa."
Sikuwa na jibu lililochapishwa.

Wiki ya saba akaanguka.
Mwanawe alipiga simu kutoka Arusha,
akaniita jina nisilolirudia hapa,
na kwa kweli usiku ule nililala nikiwa upande wake.
Asubuhi bibi alikuwa kitini, goti limechubuka,
akinitazama nikitafuta ukurasa wa ajali.
"Umeandika nimeanguka?"
Nimeandika.
"Nikaamka. Andika na hilo."
Fomu haikuwa na kisanduku chake.
Nikaandika pembeni, wino ukapita mstari.

Wiki ya kumi na mbili: sekunde thelathini.
Msimamizi wangu, pale mjini Moshi, akavua miwani.
Nne tu, akasema. Wengine wamepiga hatua zaidi.
Ni kweli. Sikubishana na hesabu.

Jumamosi iliyofuata nikapanda kuubandua utepe,
mvua ikishuka kutoka msituni.
Hodi.
"Subiri."
Nikasikia kiti. Kisha fimbo.
Kisha kimya kirefu
ambacho zamani ningekipima.
Eliaika alikuwa chini ya upenu wa banda,
mikono ameifunga nyuma,
ananikazia macho nisije nikasukuma.
Maji yaliniingia shingoni. Fomu zikaloa.
Fimbo tena.
Chuma kikasaga chuma, kikakwama,
kikarudi, kikasaga.

"Karibu," akasema.
"Ila hivyo viatu viache hukohuko nje."