Herufi Moja

Bwana Kiango wa buchani alikuja na kesi ya kiwanja,
karatasi ndani ya mfuko wa rambo, zinanuka maini.
Nikamchapia kurasa tatu. Nilipotaka kufunga
kompyuta ikauliza, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga:
Je, ungependa kuokoa?
Kiango akainamia kioo.
"Kumwokoa nani?"

Steshenari nzima ilicheka, na foleni ya nje ikacheka
bila kujua sababu, kama kawaida ya Magomeni.
Lakini usiku lile swali lilinigonga.

Programu yenyewe aliileta Shomvi kwenye flashi
baada ya ile yetu ya wizi kushikwa na virusi
ikafa na barua za watu tumboni.
"Hii ni huria," alisema. "Haina mwenyewe.
Yaani, ina wenyewe wengi.
Ukiona inavuja, usikae kusonya. Ziba."
Mimi? Mchapaji wa kadi za harusi,
niliyedhani wanaoandika programu
huzaliwa na kibodi badala ya kitovu?

Kumbe ni kama shughuli ya jirani:
hakuna anayekudai cheti cha kumenya vitunguu.
Unafika, unasalimia, unasogezewa kisu.

Nikanunua bando, nikaandika:
"Okoa" hapa si pake. Napendekeza "Tunza",
kama mama anavyosema, tunza hiyo risiti.
Kimya. Siku tatu nachungulia
kama mtu aliyeinjika maharage kwa mkaa wa mvua.
Kisha wakaja wote kwa mpigo.
Kasongo wa Lubumbashi: kwetu tungesema "Chunga".
Nikamjibu, kwetu huchungwa mbuzi.
Mwanakombo wa Lamu akataka "Weka", basi.
Mmoja wa Arusha akaleta "Hifadhi".
Nikasema hifadhi ni ya tembo!
Wakacheka, wakapiga kura,
tembo wakashinda.

Nilinuna. Siku nne sikufungua.

Kilichonirudisha ni kitufe cha jirani yake,
kimeandikwa Gairi.
Gairi! Bila h yake, uchi, mbele za watu,
miaka mingapi sijui.
Safari hii sikupendekeza. Shomvi alinionyesha:
nakili, badili, kisha eleza kwa sentensi moja
ulichofanya, na kwa nini.
Mikono ikanitoka jasho kwa herufi moja.
Nikatuma.
Na kila kitu kikagoma kujengeka,
msalaba mwekundu mbele ya jina langu
kama nyumba iliyopigwa X na watu wa barabara.

Nilikuwa natafuta pa kujifutia
Kasongo alipoandika:
"Alama moja ya nukuu imedondoka, mstari wa arobaini.
Yangu ya kwanza nayo ilidondoka. Irudishe, tupo."

Tupo.
Umeme ulikatika kabla sijamaliza kusoma,
nikabaki gizani na neno hilo,
feni ikizunguka mizunguko yake ya mwisho.

Asubuhi niliirudisha. Jioni wakaipokea.
Chausiku Mwinjuma, kwenye orodha ndefu,
chini ya mtu wa nchi nisiyoweza kuitamka.
Bosi akauliza, "Wanakulipa shilingi ngapi?"
Nikamkumbusha vitunguu vya kwa Mama Pili.
"Pale," akasema, "nilikula pilau."
Sikuwa na jibu. Nikaendelea na kadi za watu.

Kiango karudi mwezi uliofuata, kesi imeahirishwa.
Nikachapa, nikataka kufunga.
Je, ungependa kuhifadhi?
"Haya," akasema, "sasa tunaelewana,"
akahesabu noti zenye mafuta.

Nikabonyeza Hifadhi, neno lililonishinda.
Jicho langu lakini lilikuwa pembeni,
kwenye kitufe ambacho leo hatukihitaji:
Ghairi,
na h yake imekaa pale, imetulia,
wala Kiango hakuiona.