Mfuko wa Kulia

Baba yangu alikuwa fundi wa kugeuza makoti.
Kutaisi, miaka ile kitambaa kilipoadimika,
mtu akichakaza kola na viwiko
alimpelekea Otari koti lake,
naye alilifumua lote, uzi baada ya uzi,
akaleta ndani nje, nje akaizika ndani.
Koti lilirudi jipya. Ila mfuko wa kifuani
ulikuwa umehamia kulia. Hapo majirani walijua,
wakanyamaza,
maana na yao mifuko ilikuwa kulia.

Kisha kiharusi kikamchukua mkono wa kazi
na kitu kingine nisichokijua jina.

Daktari Eteri alimtandazia kadi mezani:
nyota, misalaba, miduara, nyekundu, kijani.
"Panga," akasema, bila kumwambia kwa kanuni gani.
Baba akapanga kwa rangi. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.
Halafu kanuni ikabadilika kimyakimya,
kama bei ya mkate ilivyobadilika usiku mmoja tumelala,
naye akashikilia rangi.
Sivyo.
Nyekundu juu ya nyekundu. Sivyo.
Nilihesabu sivyo kumi na nne,
na kila kadi aliibwaga kwa nguvu kuliko iliyopita,
kana kwamba meza ndiyo kiziwi.

Tulirudi nyumbani na daftari na agizo la ajabu:
kila jioni aandike jambo moja la kushukuru.
"Mimi si mtoto wa kufundishwa asante."
Akaandika kwa mkono wa kushoto: Hakuna.
Jumanne, Hakuna.
Jumatano, herufi zimenyooka kidogo: Hakuna.

Sikumlaumu. Shuleni kwetu tulipangwa mstari
kushukuru kwa viatu ambavyo havijafika.
Shukrani ya amri hukaza shingo,
mtu haoni kulia wala kushoto,
anaona kisogo cha mwenzake.

Alhamisi Mzekala wa chini akaleta supu.
"Haina chumvi," baba akasema, mlango haujafungwa.
Lifti ilikuwa imekufa tangu Machi.
Nilitamani sakafu inimeze.

Ijumaa tukamsikia tena akipanda,
hatua, hatua, sufuria ikigonga chuma cha ngazi.
Ghorofa ya tatu, kimya.
Baba akainua uso. Kimya kikarefuka.
"Anapumzika," akasema. Kisha, polepole,
kama anayetafuta mshono kwa kidole gizani:
"Nyonga. Ana nyonga mbovu, yule."
Miaka ishirini alizisikia ngazi zile
kwa upande wetu tu, upande wa kelele.

Usiku ule daftari likasema:
Ngazi. Mzekala alipumzika ya tatu.
Neno asante halikuwamo. Nilisoma mara mbili.
Utamshukuruje mtu kabla hujasimama
pale aliposimama, sufuria ya moto mikononi,
ghorofa mbili bado?

Mei tukarudi kwenye kadi.
Sivyo. Sivyo.
Mara ya tatu akasita, kadi ikiwa hewani,
akaigeuza, akautazama mgongo wake mtupu
kama bitana ya koti la mteja,
akacheka peke yake,
akaiweka kwa maumbo.
Ndiyo.
Baadaye alikosea tena, mara nyingi.
Sikumwuliza Eteri kama ni daftari
au ni damu iliyojipatia njia nyingine,
kama moyo ulilegea kwanza ndipo akili ikageuka,
au kinyume. Naye hakujifanya anajua.

Jumapili akanituma nirudishe sufuria.
"Haiendi tupu," akasema,
na kwa ule mkono wa kushoto, akihangaika na kifuniko,
akatia ndani pakiti ya chumvi.

Mzekala akaitazama. Akanitazama mimi.
Kicheko chake kilipanda ngazi zote bila kupumzika,
nami nilipofika juu nikihema
baba alikuwa mlangoni, sikio limeelekea chini,
daftari kwapani.