Jumapili Bila Mzigo

Leo baiskeli yangu haina kitu mgongoni.
Miaka kumi na minne ya makala, magunia matatu kwa safari,
na leo keria iko uchi,
kipande cha mpira kinaning'inia nyuma, kinachapa spoki,
tik, tik, tik,
kama mtoto anayejifunza kuhesabu na kusahau.

Mama Chabu aliniuliza mlangoni, Katuba ikiwa bado imelala:
"Unaenda kuchukua nini?"
Siendi kuchukua.
"Basi unapeleka nini?"
Sipeleki.
Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji iliyozidi,
akanifungia kiporo cha bukari na dagaa kwenye mfuko,
akarudi ndani.

Lami sikuitaka.
Lami ni ya malori ya shaba,
ya madereva wanaopiga honi kwanza, ndipo wafikiri.
Nikashika kinjia kando ya reli ya Kipushi,
reli ambayo treni yake hupita siku ikikumbuka.
Bomba kubwa la moshi likabaki begani,
kisha nyuma ya miti,
kisha halikuwepo.

Ndipo nikasikia.
Sikujua kumbe mnyororo una neno lake,
neno moja tu, linazunguka.
Sikujua kumbe matairi yanaonja njia:
mchanga wanaunong'oneza,
changarawe wanaitafuna.
Miaka yote hii nimeisukuma baiskeli, nimeiegemea,
nimeitukana kwenye matope.
Kuiendesha, kukalia kiti chake mpaka kipate joto,
hilo nililiacha nilipokuwa kijana mwenye shati jeupe.

Mwezi wa kumi, na mvua bado.
Misamba imetoa majani mapya, mekundu kama ulimi.
Vichuguu vimesimama porini, virefu kuliko nyumba yangu,
na hakuna aliyevidai kodi.
Nikapita tanuri la zamani, limezimika, nyasi zimelifunika.
Hapo nilijua bei ya kila mti.
Leo nilipita bila kupiga hesabu,
au niseme ukweli: nilianza, nikafika mti wa tisa, nikaacha.

Chini ya mteremko nikakutana na Kisimba,
kichwa kimezama nyuma ya magunia yake matatu,
jasho limemchorea mistari kwenye masizi.
Akasimama. Akaangalia keria yangu. Akaangalia uso wangu.
"Wamekuibia?"
Hapana.
"Mgonjwa?"
Natembea tu, Kisimba.
"Kwenda wapi?"
Nikaonyesha kwa kidevu, mbele, kule kusiko na kitu.
Hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka.

Nikailaza yangu kwenye nyasi,
nikaweka mabega nyuma ya gunia lake, tukapanda.
Magoti yalikumbuka yenyewe.
Katikati nikagundua: huu mlima
nimeuteremka sasa hivi,
na nilidhani ni upepo.

Juu tulipumua bila kuongea.
Akanipa masuku manne, ya kwanza ya mwaka, bado makali.
Akasema, "Ukifika huko, kusiko na kitu, uniambie kukoje."
Akaenda zake mjini.

Nilifika kijito, maji yanapita juu ya mawe kama hayana haraka ya kuuzwa.
Nikala kiporo. Nikalala kidogo.
Ndege mmoja alirudia swali lilelile saa nzima,
na kwa mara ya kwanza sikumdai mtu jibu.

Jioni, mlangoni.
"Umeleta nini?"
Masuku mawili, nikasema, mengine nimekula.
Akayanusa, kisha akanusa shati langu
palepale kwenye kola, mahali pa makala.
Akazunguka nyuma ya baiskeli,
akabonyeza keria kwa kiganja, mara mbili,
kama anayepima godoro dukani.
"Jumapili ijayo," akasema, "hii imeshapata mtu."

Chuma kile kinauma.
Nikaenda nyuma ya nyumba kutafuta gunia tupu la kukalia,
nikalikung'uta ukutani mara tatu, mara nne.
Vumbi jeusi halikuisha.
Nikalikunja hivyohivyo.